Shangazi Halambi Sukari

Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha duka tangu asubuhi. Watu wazima kumi na wawili walilisoma, wakamtupia mwenye duka mzaha mlangoni, wakacheka, wakaenda zao. Wa kumi na tatu alilisoma hakucheka, na huyo ndiye aliyekuwa tapeli.

Lilisema hivi: TUNATAFUTA PIPI ZISIZO NA MNYAMA NDANI YAKE. MWENYE NAZO AINGIE, AJE NA USHAHIDI.

Jina la kuzaliwa la tapeli huyo lilikuwa limesahaulika hata na waliomzaa. Mtaa ulimwita Kinanda, maana ukimbonyeza popote anatoa sauti tamu. Aliwahi kuuza miavuli yenye matundu akisema inapitisha hewa. Aliwahi kumuuzia kinyozi kioo kilichopasuka, akamhakikishia kwamba mteja akijiona vipande viwili atajua kanyolewa pande zote. Mtu wa namna hiyo akiona tangazo ambalo kila mtu kalicheka, moyo unamdunda kama wa bwana harusi.

"Hodi humu."

"Karibu, kaka. Unauza au unanunua?"

"Nauliza tu, dada yangu. Mnyama anaingiaje kwenye pipi? Anakunja miguu?"

Mwenye duka, mwanamke mwembamba wa aproni ya kijani ambaye mtaa ulishampa jina la Majani, hakucheka. Alikuwa ameulizwa hivyo mara kumi na mbili.

"Ile pipi ya jeli, ile laini inayovutika, unajua inavutika kwa sababu gani? Jelatini. Na jelatini ni ngozi na mifupa iliyochemshwa mpaka ikasahau ilikotoka. Hizi nyekundu, nyingine rangi yake imesagwa kutoka kwa wadudu. Hizi zinazong'aa kama kiatu cha mchumba, wapo wanaozing'arisha kwa nta ya nyuki. Na hapo sijagusa maziwa. Wateja wangu ni vegani, kaka. Hawali kitu kilichotoka kwa mnyama, awe amekufa au yuko hai."

"Hata asali?"

"Nyuki aliwahi kukuambia chukua?"

Kinanda, aliyekuwa amechukua vitu vingi maishani bila kuambiwa chukua, akatazama viatu vyake kwa heshima.

"Sheria naijua," Majani akaendelea. "Kinachonishinda ni kuhukumu. Pakiti hii maandishi yake ni ya kusomwa na sisimizi. Hii haikuandikwa kitu. Hii imeandikwa uongo. Nina nafasi ya muuzaji mmoja tu, mwaka mzima, na nikiwalisha wateja mfupa mara moja hawarudi tena. Sasa nani atanihukumia pipi?"

Kinanda akaweka kidole mdomoni, akachungulia mlangoni kama mtu anayewindwa na serikali tatu.

"Sema taratibu, dada. Washindani wangu wana masikio. Umefika kwa mwenyewe. Mimi ni mkaguzi wa pipi."

"Umesomea wapi?"

"Kazi hii haisomewi, inarithiwa. Nina kipimo changu."

"Kipimo gani?"

"Utakiona Ijumaa, saa nne asubuhi. Waite wauzaji wote."

Alitoka dukani hajui kipimo ni kitu gani. Hilo halikumtia hofu. Uongo mchanga huanza na sababu, lakini uongo uliokomaa huanza na tarehe.

Nyumbani kwake hapakuwa kwake. Palikuwa kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, na Kinanda alilala chini ya meza ya kukatia vitambaa, kichwa kwenye marobota, miguu kwenye kanyagio. Siku hiyo dada yake alimpokea na pini tano mdomoni, akazitema moja moja akiongea.

"Jumamosi mwanangu anarudi na mtoto mchanga."

"Ndiyo habari njema hizo, dada."

"Kitanda cha mtoto kinakaa hapo chini ya meza."

"Na mimi?"

"Wewe ulishakua."

Alikuwa na miaka arobaini na moja, kwa hiyo hakuwa na la kubisha. Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Siku nne za kupata chumba, kwa mtu ambaye wenye nyumba wote wa mji ule walimjua kwa nyayo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama. Ndipo akapita Shangazi.

Shangazi alikuwa paka. Alipewa jina hilo kwa sababu alipita jikoni akinusa kila chombo kwa uso wa mtu aliyetumwa na ukoo kuja kumkagua bibi harusi. Siku hiyo kulikuwa na sukari imemwagika sakafuni, na pembeni yake kopo la samaki lililolambwa nusu. Shangazi alipita juu ya sukari kama anapita juu ya mchanga, akaenda kwenye kopo.

"Mbona sukari hagusi?" Kinanda akauliza.

"Shangazi halambi sukari. Paka hawajui utamu, hukuambiwa? Mwekee keki na kichwa cha samaki, ataikanyaga keki akifuata kichwa."

Kinanda akainuka polepole, na meza nayo ikainuka kidogo, maana alikuwa ameishika.

Jioni ile alifanya utafiti. Pipi kavu: Shangazi akaipita kama mgeni stendi. Pipi iliyoguswa na mafuta ya kopo la samaki: akailamba macho yamefumba. Pipi iliyosuguliwa kwa ganda la limau: akarudi nyuma kama katukanwa, akakung'uta mguu mmoja mmoja. Basi mbinu ikawa imekamilika. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kitapakwa mafuta ya samaki, cha mwisho cha mkono wa kulia kitapakwa limau. Pipi atakayoigusa kwa kushoto, paka atailamba, na watu watasema ndani mna mnyama. Atakayoigusa kwa kulia, paka ataikimbia, na watu watasema ni safi. Mkono wa kushoto unafunga, mkono wa kulia unaachia.

Zile habari za mifupa ndani ya jeli hakuziamini hata chembe. Aliona ni njia ya Majani ya kuuza ghali, na akamheshimu kwa hilo. Tapeli hudhani dunia nzima inatapeli, ndiyo maana ukweli ukimjia usoni anaupisha akidhani ni mwenzake.

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Jumla.

Bwana Jumla alinunua kwa gunia, aliuza kwa gunia, na alitoa salamu kwa punje. Stoo yake ilijaa vidubu vya jeli, katoni mpaka darini, vyekundu, kijani na manjano. Joto lilikuwa limevishika. Ukifungua katoni hukuti tena vidubu mia mbili, unakuta dubu mmoja mwenye masikio mia nne.

"Vimenigandia, ndugu yangu," Bwana Jumla akasema. "Yule mwanamke wa majani akivichukua mwaka mzima, nimepona."

"Vitapita. Paka akishakataa kulamba, nani atabisha?"

"Nani mwingine ameomba?"

"Yule mjane wa nyuma ya kinyozi. Bibi Mwiko."

"Yule zake ni sukari na tangawizi tupu. Huyo atashinda."

"Zitakutwa na mnyama."

"Mnyama gani?"

"Wewe unampenda yupi?"

Bwana Jumla akacheka mpaka vidubu vikatikisika. Kisha akaacha, maana alikumbuka kwamba kicheko hakijawahi kuwa cha bure. "Unataka nini?"

"Chumba chako cha pembeni. Kile chenye dirisha. Mwaka mzima, bure."

Walivutana kidogo, kwa adabu, kama watu wawili wanaogombea kulipa chai huku kila mmoja akiomba mwenzake ashinde. Mwishowe Bwana Jumla akachomoa kufuli la shaba, ufunguo ukining'inia kwa waya.

"Karatasi sikuandikii, karatasi zina mdomo. Mwenye kufuli hili ndiye mwenye chumba. Hamia Ijumaa tukishamaliza. Na usinitaje."

"Kukutaja wewe? Kwani nakujua?"

Kinanda akatoka, kufuli likigonga mfukoni kwa sauti ya nyumba. Mtu mwingine angekwenda kulala. Lakini mjanja akishapewa mguu wa kuku huanza kuwaza kuku ana miguu mingapi. Akasema moyoni: kama Bwana Jumla kanunua hukumu kwa chumba, Bibi Mwiko atainunua kwa nini? Akapitia nyumbani, akamtia Shangazi kwenye kikapu, akazunguka nyuma ya kinyozi.

Bibi Mwiko alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukorogea. Alipika pipi uani kwenye sufuria kubwa ya shaba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ndani ilikuwa sukari, maji, tangawizi, tone la limau, basi. Siku hiyo fundi cherehani, dada yake Kinanda, alikuwa pale kumpimia aproni mpya. Bibi Mwiko alikuwa akiinua mikono apimwe huku akiendelea kukoroga kwa mguu, yaani mwiko ameufunga kwenye kisigino. Nimeambiwa na walioona.

"Shikamoo, mama," Kinanda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeshika vidole kama umepaka rangi ya kucha?"

Kweli, vidole viwili vya mwisho vilisimama mbali na wenzao, visigusane na kitu.

"Ni vidole vya kazi, mama. Mimi ndiye mkaguzi wa Ijumaa." Akafungua kikapu. Shangazi akatoka, akamtazama kila mtu bila kumpenda. Kinanda akachagua pipi moja mezani, akaigusa kwa kushoto, akaiweka chini. Shangazi akailamba macho yamefumba.

Kinanda akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Umeona mwenyewe. Mna mnyama humu."

"Mnyama gani anapenda tangawizi hivyo?"

"Mama, mimi sihukumu, anahukumu paka. Lakini paka naye ana moyo. Mtu akinipa, kwa mfano, ile sufuria ya shaba, Ijumaa Shangazi anaweza kuamka na mafua."

Fundi cherehani akafungua mdomo amkemee mdogo wake, Bibi Mwiko akamkanyaga. Alikuwa akitazama kile kidole cha kushoto. Kisha akatazama pua ya Shangazi, iliyokuwa ikikifuata kidole kile kila kilikokwenda, kama mtoto anayefuata mwenye ufunguo wa kabati, na kukikwepa kile cha kulia. Mwanamke huyu alikuwa amekoroga masufuria kwa miaka arobaini. Alijua harufu ya kila kitu kinachoanza kuungua.

"Sufuria hii ndiyo jiko langu," akasema. "Nikiitoa, nimejitoa mwenyewe. Lakini mimi nina udhaifu mmoja, mwanangu. Napenda vitendawili. Tutegane. Ukitegua, sufuria chukua, na moto wake. Ukishindwa, unanipa mji, kama watoto."

"Mji tu?"

"Mji tu."

Kinanda akatabasamu. Miji ya vitendawili alikuwa amegawa mingi utotoni. Angekuwa mtu wa kudaiwa miji, angekuwa kafilisika bara zima. "Tega."

"Nina mahakimu wawili, ndugu wa tumbo moja. Wa kushoto anafunga, wa kulia anaachia. Mvua ikiwanyeshea, wote wawili wanasahau sheria."

Fundi cherehani nusura ameze pini, akageuka ukutani mabega yakimtikisika.

"Macho," Kinanda akasema.

"Macho yanafunga kwa pamoja, mwanangu."

"Milango. Hapana. Mawakili."

"Mawakili mvua hawaiogopi, wanaiandikia."

Akajaribu madirisha, mizani, wakwe wawili. Jua likahama kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye ukuta. Mwishowe akanyoosha mikono yake miwili mbele, vidole vile viwili vikiwa bado vimesimama, akasema, "Basi, mama. Nimekupa mji."

"Mji gani?"

"Chagua."

"Miji ya hewa nimepewa mingi tangu nizaliwe, sijalala hata mmoja. Nipe wako mwenyewe. Huna hata wa dirisha moja?"

Hapo ndipo kiburi kilipomponza. Angesema hana, angeondoka salama. Lakini mtu aliyelala chini ya meza miezi minane, siku anapopata chumba hataki kulala kabla hajakitaja, na dada yake yuko pale anasikia. Akachomoa kufuli, akalining'iniza kwa waya mbele ya pua ya dada yake.

"Mimi sina dirisha? Kile chumba cha pembeni kwa Bwana Jumla ni cha nani? Haya, mama, mji wangu huu hapa." Akalibwaga mezani, kwa mbwembwe, kama mfalme anayemtupia maskini pete.

Bibi Mwiko akalitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ulikuwa utani, mama," Kinanda akasema.

"Kitendawili hakina utani, ndiyo maana kinaitikiwa. Shahidi huyu hapa." Fundi cherehani akaitikia kwa kichwa, pini zikiwa mdomoni. "Ila mimi si mtu mbaya. Niletee jibu kabla sijahamia, nakurudishia."

"Nitakuletea kesho asubuhi."

"Njoo nalo."

Siku mbili zile Kinanda hakula vizuri. Alimuuliza kinyozi. Kinyozi, aliyekuwa bado hajamsamehe kile kioo, akasema mwerevu hajinyoi, akaendelea kunyoa. Kinanda akadhani ndilo jibu, akakimbia uani. "Kichwa," akasema. Bibi Mwiko akamwambia arudi akikipata. Akamuuliza mshona viatu, akaambiwa viatu. Akamuuliza mwenye genge, akaambiwa mbao mbili za kibanda. Akakaa chini ya meza ya kukatia, akihesabu ndugu wa tumbo moja kwa vidole vyake mwenyewe. Akazitazama zile hesabu, na mikono iliyozibeba asiione.

Ijumaa saa nne kasoro alitokeza kwa Majani na Shangazi kikapuni. Kushoto alikuwa na samaki, kulia alikuwa na limau. Chupa ndogo ya akiba ya mafuta ya samaki ilikuwa mfuko wa kifuani. Alipanga hivi: atamwangusha mjane, kisha amwombe kufuli kwa huruma. Mtu aliyeanguka hana nguvu ya kuhama.

Lakini duka la Majani lilitazamana na stoo ya Bwana Jumla, na dirisha la chumba cha pembeni lilikuwa wazi, likitoa mvuke wa tangawizi.

Bwana Jumla alikuwa amesimama uchochoroni kama mtu aliyekuta miguu ya mtu mwingine ndani ya viatu vyake.

"Kuna sufuria chumbani mwangu," akanong'ona.

"Chumbani mwangu," Kinanda akanong'ona.

"Basi toa sufuria yako."

"Si yangu."

"Kufuli liko wapi?"

"Liko... mahali salama."

Mahali salama pakatokea mlangoni, pamevaa aproni mpya. "Karibuni mjini kwangu," Bibi Mwiko akasema, na kwa kuwa Majani alikuwa anavuka barabara na trei yake, akapaza sauti kidogo. "Karibu na wewe mwanangu. Hapa ndipo ninapopikia siku hizi."

Majani akachungulia. Palikuwa pasafi, jiko liko kwenye kona, maji yako ndooni. "Chumba hiki si cha Bwana Jumla?"

"Ndiyo. Nilipewa na mkaguzi."

Majani akageuka polepole. "Mkaguzi alipataje chumba cha mmoja wa wauzaji anaowakagua?"

Shangazi alipiga mwayo. Kinanda akamtazama Bwana Jumla. Bwana Jumla akamtazama Kinanda. Kila mmoja aliona kwamba akisema chumba ni changu, atakuwa anasema na rushwa ni yangu.

"Amechanganya kidogo," Bwana Jumla akasema, sauti nyembamba kama uzi. "Nimempa mimi. Mama huyu ni mama yetu sote."

"Bure," Bibi Mwiko akamkumbusha.

"Bure."

"Mwaka mzima."

Bwana Jumla akafumba macho. "Mwaka mzima."

"Si kweli, mkaguzi?" Bibi Mwiko akauliza.

"Ni kweli, mama," Kinanda akasema, na hilo neno kweli likamkwaruza koo, maana halikuzoea kupita njia hiyo.

"Mungu awaongezee. Basi tuanze. Ila kwangu hakuna anayegusa chakula hajanawa."

"Hata mimi dukani ndiyo sheria," Majani akasema.

"Nimenawa nyumbani," Kinanda akasema haraka.

"Mkaguzi asiyenawa tena?" Bibi Mwiko akaja na beseni na birika la maji ya moto na kipande cha sabuni kikubwa kama tofali. Akamshika viganja kama anavyoshikwa mtoto aliyetoka kucheza matopeni, akamsugua kushoto, akamsugua kulia, kidole kwa kidole, mpaka vile viwili vya mwisho, akavirudia mara tatu. Kisha akainua birika, akamimina.

Kinanda akatazama maji yakishuka. Mikono yake miwili ilikaa pamoja ndani ya beseni, myekundu, inayofanana, inadondosha maji. Wa kushoto. Wa kulia. Mvua.

"Mikono," akasema polepole.

"Hapo sasa," Bibi Mwiko akasema, akimkabidhi taulo. "Lakini umechelewa, mwanangu. Nimeshahamia."

Kazi ilibidi iendelee, maana Majani alishaweka trei mezani. Pipi tano za tangawizi upande mmoja, vidubu vitano upande wa pili. Kinanda akazipanga kwa vidole vilivyonuka sabuni na uaminifu. Bado alikuwa na tumaini moja. Mikono imekufa, sawa, lakini paka halambi pipi. Atapita zote, kesi itakuwa sare, na mwenye sare anaweza kuongea. Kuongea ndiyo ilikuwa fani yake.

Shangazi akapanda mezani. Akaipita pipi ya kwanza ya tangawizi, ya pili, ya tatu, uso ule ule wa kukagua bibi harusi asiyefaa. Akafika kwenye vidubu. Akasimama. Masharubu yakaenda mbele. Akamlamba dubu mwekundu utosini mara moja, akafikiri, akamlamba tena, kisha akamtia jino na kumla kuanzia masikio. Alipomaliza akamfuata wa kijani.

Hakuna aliyeshangaa kuliko mkaguzi mwenyewe. Alikuwa amezunguka mji mzima akitangaza kwamba paka anaweza kumtambua mnyama ndani ya pipi, na sasa paka, bila kusaidiwa na mtu, alikuwa amemtambua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Kinanda alikuwa amesema kweli, na hakuwa na mahali pa kuificha.

"Ana njaa tu," Bwana Jumla akasema.

"Mbona njaa yake imeziruka tano?" Majani akasema. "Lakini paka si maabara. Nipe katoni yako." Akaigeuza, akakuta kibandiko cha bei kimebandikwa pembeni kabisa, mahali ambapo bei haina kazi. Akakibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maandishi ya sisimizi, naye akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye jelatini ya ng'ombe. Kisha akavuka kwenda kwenye sufuria, akachota kwa kijiko, akauliza kila kilichoingia humo, akaonyeshwa kimoja kimoja.

Shangazi, kwa upande wake, hakuwa amemaliza ukaguzi. Alimpanda Kinanda kifuani, akaingiza kichwa chote mfukoni, akaanza kulia. Majani akaitoa ile chupa ndogo, akafungua kizibo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Na hii nini?"

"Manukato," Kinanda akasema.

"Ya nani?"

Kinanda kile, ukikibonyeza popote, safari hii kilitoa pumzi tu.

Majani alimpa Bibi Mwiko nafasi ya mwaka mzima, siku ile ile, juu ya meza ile ile. Bwana Jumla alimkimbiza Kinanda kuzunguka stoo mara moja na nusu, akakwama kwenye katoni iliyoyeyuka, akabaki hapo akiwa na kiatu kimoja. Vidubu vyake aliviuza baadaye kwa watu wanaokula kila kitu, ambao ni wengi, na hakuna aliyekufa.

Jumamosi asubuhi mtoto mchanga alilazwa chini ya meza ya kukatia, akalala vizuri kuliko mjomba wa mama yake alivyowahi kulala hapo. Mjomba alikuwa amesimama uchochoroni na furushi, mbele ya mlango wenye kufuli la shaba.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umekuja kuniuzia nini?"

"Leo sina kitu."

Bibi Mwiko akakoroga mara mbili. Sufuria ilikuwa inachemka, na oda ya Majani ilikuwa kubwa kuliko mikono yake miwili. "Hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusikia kwako," akasema. "Kuna kona nyuma ya mifuko ya sukari. Mwiko ule pale. Nawa kwanza."

Hivyo ndivyo Kinanda alivyokuwa mpangaji katika mji aliougawa mwenyewe. Alikoroga asubuhi, alifunga pipi kwenye karatasi mchana. Shangazi alikuja kila Ijumaa kulala dirishani, na wateja wa Majani walivuka barabara kumwona paka aliyemla dubu. Kinanda alipata kuwasimulia, kwa sauti tamu, na wakanunua. Ilimshangaza jinsi mtu anavyoweza kuuza kitu kilichopo.

Lakini mjanja haponi siku moja. Wiki ya tatu, sufuria ya kwanza ikiwa imekwisha, akajipangusa jasho, akasimama katikati ya chumba, akatazama dirisha lililokuwa lake.

"Kitendawili, mama."

"Tega."

"Alikuwa na mji, hana pa kulala. Sasa ana pa kulala, hana mji."

Bibi Mwiko akaegemea ukuta. Akafikiri kwa uso wa mtu anayefikiri kweli kweli. Akatikisa kichwa. "Hicho kimenishinda, mwanangu."

Kinanda akajinyoosha, macho yakawaka kama siku ile ya tangazo. Kufuli lilikuwa pale pale, msumarini. "Basi nipe mji, mama. Sheria ni sheria."

"Nimekupa," Bibi Mwiko akasema, akaonyesha sufuria ya shaba kwa mwiko. "Mji ule pale. Wakazi wake wamegandia chini. Uwahamishe wote kabla ya jioni, na maji ya moto yapo kwenye birika."